Mgeni Tuliyemsindikiza Ndani ya Simu

Jumamosi, mwezi wa Novemba. Ijumbi, Muleba, barazani kwa mama.

Asubuhi mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Kwenye saa nne ikakatika ghafla, kama mtu kazima swichi, jua likatoka na migomba ikaanza kung'aa kama imepakwa mafuta. Sasa ni jioni. Matope yamenifika magotini, viatu nimeviacha nje, na nimechangamka kiasi kwamba mama ameniuliza mara mbili kama nimepitia kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi.

Sijapitia. Nimefurahi tu, na furaha nayo inalewesha.

Shajara, leo kaa vizuri. Hii ni ndefu.

Kwa mgeni anayenisoma kwa mara ya kwanza: naitwa Deusi, fundi wa mafriji, karakana yangu iko Kahororo, Bukoba. Kama umewahi kunywa soda ya baridi popote kati ya Kemondo na Mutukula, inawezekana kabisa mkono wangu umepita humo. Shule niliachia kidato cha pili. Mimi na hesabu tuliachana kwa amani, kila mtu akarudi kwao. Lakini dunia nimeisoma. Kampala naingia bila kuuliza njia. Kigali wananiita kwa jina. Bujumbura niliwahi kugandisha samaki wa harusi nzima, na bibi harusi akanishukuru kabla ya kumshukuru padri. Watu husema sisi Wahaya tunajisifu. Si kweli. Sisi tunatoa taarifa.

Taarifa ya leo inaanzia mbali, inaanzia Maskati.

Mdogo wangu Jeni, ambaye ndiye msomi wa familia, ni mhasibu kwenye hoteli moja kule Omani. Mwezi uliopita alinitumia tiketi, akasema kaka njoo upumzike, umenisomesha kwa bisibisi na spana, sasa njoo ulale kitanda cha hoteli. Aliniagiza kitu kimoja tu: akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, ambayo mama huichemsha na majani yenye harufu kisha akaianika juani. Kwetu mgeni akifika hawekewi maneno kwanza. Anawekewa punje za kahawa kiganjani, anatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza.

Safari ya ndege sitaisimulia. Nilikaa dirishani, nikamweleza jirani yangu jinsi ubaridi wa ndege unavyotengenezwa, akalala.

Jeni alikuwa anaingia kazini asubuhi. Akanionya nisitoke mbali, nitapotea. Mimi? Nikatoka.

Nikaenda Matrah, ule mji wa kale. Shajara, sijui nikwambieje. Ni mahali ambapo vichochoro vimebanana mpaka ukikutana na mtu mnene inabidi mmoja wenu arudi alikotoka. Milango ya mbao minene yenye misumari. Harufu ya ubani inatoka kwenye kila dirisha, unahisi kama mji mzima uko misani. Wazee wamekaa vizingitini na kofia zao za kutariziwa, wanakutazama bila haraka, kama watu wenye muda wote wa dunia na sehemu ya akhera.

Sasa mimi nikikosa mtu wa kuongea naye naumwa. Kiarabu sijui, Kiingereza changu ni cha kusoma maboksi ya vipuri. Nikaamua kuwatania. Kila kizingiti nilichopita nikawa napaza sauti: "Habari za asubuhi, wazee! Mmeamkaje?" Wananiitikia kwa kichwa, mimi nacheka peke yangu. Utani wa bure, hakuna anayeelewa, hakuna anayeumia.

Kizingiti cha nne au cha tano, sauti ikatoka ndani ya duka la vitambaa.

"Nzuri. Na wewe punguza sauti, watu wa Unguja hawapigi kelele hivyo. Unatoka bara wewe."

Nilisimama kama nguzo ya umeme.

Akatoka mwanaume wa rika langu, kanzu nyeupe pee, ndevu zimechongwa kama kwa rula. Saidi. Kiswahili alikipata kwa mama yake. Akanivuta ndani, akanikalisha juu ya mto, akaleta tende na birika lenye mdomo mrefu kama wa korongo, akanimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Kahawa nyepesi, ya rangi ya chai, inanukia hiliki. Nikanywa. Akamimina. Nikanywa. Akamimina.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi nimelelewa Ijumbi na mama asiyecheka na adabu. Kitu ukipewa na mwenye nyumba unapokea kwa mikono miwili na unakimaliza. Kusema imetosha ni kama kumwambia mtu chakula chake kibaya. Kwa hiyo nikawa nakunywa. Na yeye akawa anamimina. Macho yake yalianza kunishangaa, na mimi nikaanza kumshangaa yeye, nikasema moyoni hawa Waarabu ni wakarimu kupita kiasi, wataniua. Nilipoteza hesabu ya vikombe. Moyo ukawa unanguruma kama kompresa mbovu. Mikono ikaanza kutetemeka.

Huko kutetemeka ndiko kulikoniokoa. Kikombe kikacheza mkononi mwangu, kulia, kushoto, na Saidi akashusha birika papo hapo.

Kumbe ndiyo desturi yao. Mwenyeji haachi kumimina mpaka mgeni atikise kikombe. Mgeni asipotikisa, mwenyeji hana ruhusa ya kusimama. Na mimi kwetu mgeni hana ruhusa ya kukataa. Yaani tungekaa pale, watu wawili wenye adabu, mpaka mmoja apelekwe hospitali.

Tulicheka mpaka mteja mmoja akatoka dukani.

Nami nikasema hapana, lazima nilipe heshima. Nikatoa mfukoni kifurushi changu cha akamwani (cha Jeni, kwa kweli, lakini Jeni alishapata cha kwake), nikamwekea Saidi punje kiganjani. Akaziangalia. Akasema kahawa hii haijasagwa. Nikamwambia ndugu yangu, meno yako ndiyo mashine. Akatafuna, uso ukamkunjamana. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, natoka bara sehemu gani hasa.

Bukoba, nikasema. Muleba. Ijumbi.

Akanyanyuka bila kuaga, akapanda ngazi za nyuma ya duka. Nikasikia Kiarabu juu, kisha kimya, kisha miguu ya mtu mzee inashuka ngazi moja, inapumzika, inashuka nyingine.

Akatokea mama mwembamba, mweupe kiasi, amejifunga mtandio, mkono mmoja ukutani. Hakunisalimia. Alichukua punje moja kwenye kiganja cha mwanawe, akaiweka shavuni, akafumba macho. Alikaa nayo muda. Kisha akafumbua, akaniuliza kwa Kihaya, Kihaya safi chenye kutu kidogo pembeni:

"Oli mwana wa oha?"

Wewe ni mtoto wa nani.

Tende ilinidondoka. Shajara, nimesafiri nchi nyingi, lakini sijawahi kuulizwa swali la nyumbani nikiwa mbali namna ile. Machozi yalinitoka, nikasingizia ubani.

Anaitwa Salha. Mimi nikamwita Ma Salha papo hapo, maana kwetu mama wa heshima ni Ma na baba wa heshima ni Ta, hata kama umekutana naye leo. Baba yake alikuwa Mwarabu mwenye duka Muleba, zamani hizo. Mama yake alikuwa binti wa Kihaya wa Ijumbi, akasilimu alipoolewa, akaitwa Zuhura. Baba alipoamua kurudi kwao alimchukua binti, mama akabaki kidogo kwa sababu bibi alikuwa mgonjwa. Ilikuwa abaki kidogo tu. Halafu dunia ikafunga milango yake, huku na huku, na Zuhura hakufika Maskati. Siku ya kuondoka alimsindikiza binti yake kwa miguu hadi kwenye jiwe kubwa njiani, akamfungia akamwani kwenye jani la mgomba, akaishia pale.

Baadaye ilikuja habari kwa mdomo wa msafiri kwamba Zuhura amefariki, amezikwa kwenye kibanja cha kaka yake, shamba lake la migomba. Miaka mingine ikapita, ikaja habari nyingine, kwamba kile kibanja kimeuzwa.

Na hilo ndilo lililokuwa linamla. Ninyi wa mjini mtasema kaburi ni kaburi. Lakini sisi huku tunazika nyumbani, katikati ya migomba. Kibanja kikiuzwa, mgeni akaja na jembe lake, nani atajua kwamba hapa pamelala mtu? Ma Salha alisema hataki kitu kingine tena duniani. Anataka tu kujua kama mama yake bado ana mahali, au ameshalimwa juu yake maharage.

Sasa angalia nilichofanya. Alikuwa anaanza kunieleza, ukoo wa mama yake, jina lake la Kihaya, majirani. Na mimi, kahawa ikiwa imenipanda kichwani na kifua kimejaa sifa, nikamkatiza.

"Ma, usijisumbue. Ijumbi naijua yote. Ijumbi ni mimi."

Alinishika mikono yote miwili. Aliniamini kabisa.

Nikaahidi nitasimama kwenye kaburi na kumpigia simu ya video. Saidi akanipa namba. Nikatoka pale natembea kama waziri. Jioni Jeni aliposikia alinitazama kwa lile jicho lake la ukaguzi, akauliza swali moja tu: kaka, huyo mama yake ukoo gani?

Nikamwambia mambo ya Ijumbi yatamalizwa Ijumbi.

Basi nikarudi. Juzi nimepanda huku kutoka Bukoba, begi limejaa tende na ubani alivyonipa Saidi, nikamsimulia mama kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vigelegele. Mama aliendelea kumenya ndizi. Akauliza, Zuhura wa ukoo gani? Sijui. Jina lake la kuzaliwa? Sijui. Kaka yake alikuwa nani? Aa. Akaweka kisu chini. Akasema nimevuka bahari kwenda kuokota nusu ya habari.

Jana nilizunguka kutwa. Nilienda kwenye mashine ya kukoboa kahawa, nikaenda kanisani, nikaenda kwa wanaouza lubisi ambako siku zote kuna wataalamu wa kila jambo. Nikiuliza Zuhura, wananitazama. Hapa kila mtu ni Anastela na Restituta. Nikiuliza kibanja kilichouzwa, wananiuliza kipi, vibanja vinauzwa kila msimu. Nikauliza kuhusu jiwe kubwa njiani. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kibuyu. Ijumbi ina mawe mengi kuliko watu, na yote ni makubwa, na yote yako njiani.

Mzee mmoja akanitania: "Deusi, si ulisema Ijumbi ni wewe? Jitafute basi."

Nilirudi nyumbani mdogo. Mimi Deusi, mdogo. Dawa ilikuwa moja tu, kumpigia yule mama na kumwambia sijui kitu, nilikuwa naongea tu. Nikashika simu, nikaiweka. Nikaishika, nikaiweka. Niliona ile mikono iliyonishika. Ningewezaje kumwambia kwamba mtu aliyemngoja miaka yote hii ni mropokaji?

Mama alinitazama na huo mchezo wangu wa simu, akachoka.

"Lete hapa," akasema. "Wewe hukumsalimia yule mwanamke. Uliongea naye tu."

Akampigia mwenyewe. Na Shajara, nikaona kazi. Hakusema nimepoteza jina. Hakusema chochote kuhusu kaburi. Alimsalimia. Salamu ya wanawake wa Kihaya wa zamani, ile ndefu isiyo na haraka: umeshindaje, wa kwenu wameshindaje, wewe ni wa akina nani, mama yako alitoka kwa akina nani, ukoo gani, mwiko wenu ni nini, mnyama gani hamli. Huku anaitikia "waitu," neno letu la heshima, kule anaitikia "waitu." Ndani ya salamu tu, kabla hata ya kufika kwenye habari, kila kitu nilichokikatiza Matrah kikawa kimesemwa. Ukoo. Jina. Kaka. Mama akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia kama mtu anayenionyesha kiatu kilicho mbele ya macho yangu.

Ni wale waliokuwa upande wa chini, akasema, kuelekea bondeni. Walihamia Karagwe. Kibanja alinunua Ta Byabato.

Ta Byabato! Friji ya mkewe nimeitengeneza mimi!

Leo mvua ilipokatika tukateremka, mimi na mama. Ta Byabato tulimkuta anakata majani makavu ya migomba. Ni mtu mrefu, mkimya, Mkatoliki wa kutokosa misa, kofia yake ameivaa miaka mingi mpaka imekuwa sehemu ya kichwa. Mama alimweleza taratibu. Mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilinyamaza. Nilikuwa naangalia miguuni kwangu tu, nyasi zilizotandazwa kila mahali chini ya migomba, maharage yameota vizuri kati yake, na kila nilipoona maharage nilirudisha mguu nyuma.

Akatupeleka pembeni, kwenye kona ya kibanja penye kivuli.

Yapo makaburi kadhaa pale. Yamelala yote upande mmoja, yana misalaba, mingine ya saruji, mingine ya mbao iliyoinama. Na moja limelala kivyake, limekata upande, kama mtu aliyegeukia ukuta kitandani. Halina msalaba. Lina jiwe kichwani na jiwe miguuni, na pembeni yake umesimama mlamula, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, umekuwa mrefu kunizidi mimi. Na juu yake, kama juu ya mengine yote, zimetandazwa nyasi mpya, safi, za msimu huu.

Ta Byabato akavua kofia. Akasema alipokinunua kibanja hiki aliambiwa yule pale ni mama Mwislamu, jina hakuna aliyelikumbuka. Watoto wake wamekua wanajua hapo hapakanyagwi. Kila akitandaza nyasi, anaanzia pale.

Nikamuuliza kwa nini, wakati si ndugu zake, na hata dini si yake.

"Shamba nilinunua," akasema. "Hawa sikuwanunua. Hawa ndio wenyeji. Mimi ndiye mgeni."

 

Nikapiga simu. Akapokea Saidi, akampelekea mama yake. Ma Salha alikuwa amekaa kwenye ule mto nilioukalia mimi, dukani. Nikageuza kamera, nikamwonyesha jiwe la kichwani, jiwe la miguuni, mlamula, nyasi.   Kule kwake nilisikia pumzi tu.

Kisha akaanza kusoma dua, kwa sauti ndogo, kwa Kiarabu. Sisi tukasimama na matope yetu. Ta Byabato hakujua aiweke wapi mikono. Alisubiri mpaka Ma Salha amalize, na alipomaliza, kwa sababu ni lazima mtu ajibu kitu, akapiga ishara ya msalaba. Mama akamfuata. Na mimi nikafuata. Ma Salha aliona kila kitu kwenye simu, akacheka huku machozi yanamtoka, akasema kwa Kihaya kwamba mama yake hajawahi kupata majirani wengi hivyo.

Halafu akamsemesha mama yake. Hayo siyaandiki. Nilinyoosha mkono na simu, nikatazama pembeni.

Ikafika wakati wa kuagana. Mimi, mtu wa kisasa, kidole changu kilikuwa tayari kinaelekea kile kitufe chekundu. Ta Byabato akanishika mkono.

Mgeni haagwi kaburini, akasema. Mgeni anasindikizwa.

Nikamwambia Ta, mgeni yuko Maskati, amekaa kwenye mto. Hakunisikiliza. Aliichukua simu kwa mikono miwili, kama anavyochukua padri kikombe, akaielekeza kamera mbele, akaanza kutembea kwenye kijia kati ya migomba. Mama nyuma yake. Mimi nyuma ya mama. Mke wa Ta Byabato akatoka jikoni na punje za akamwani kwenye kikapu kidogo, akajiunga. Tukawa msafara.

Na alitembea polepole! Nilipomwuliza mbona hivyo, alinijibu bila kugeuka kwamba Ma ni mtu mzima, miguu imechoka. Tulipofika kwenye mfereji, akasimama, akaiambia simu: "Hapa panateleza, Ma." Na kutoka Maskati sauti ikajibu, kwa utulivu kabisa: "Nimeona, waitu."

Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, sijui uso wangu ulikuwaje, nafurahi kamera ilikuwa imegeukia mbele.

Tukapita kahawa, tukapita kisima, tukapanda kuelekea barabarani.  Mara Ma Salha akasema simama.

Ta Byabato akasimama. Kushoto kwetu palikuwa na jiwe. Kubwa, jeusi, limepasuka katikati, na kijiti kimeota kwenye ufa. Jana nilipita hapo nikaegemea kufunga kamba ya kiatu.

"Hapa," akasema Ma Salha. "Aliishia hapa."

 Mama alishika kanga yake mdomoni. Mimi nilidhani basi, hapa ndipo mwisho, hapa hata mtu wa kisasa anaelewa kwamba pamefika mwisho.

Ta Byabato aliliangalia jiwe. Akaiangalia simu. Akasema, "Basi leo tupite."

Akapiga hatua, akalipita lile jiwe, na sisi sote nyuma yake. Tukaingia barabarani, tukateremka nayo, yule mzee ameinua simu mbele ya kifua chake, na Ma Salha ndani yake anatazama barabara inavyokuja. Tulimsindikiza hadi mteremkoni ambako mtandao huwa unafia. Picha ikaganda kwanza. Uso wake ulikuwa unatazama mbele. Kisha akaondoka.

Ta Byabato alisubiri kidogo, kama unavyosubiri mgeni apotelee kwenye kona. Akanirudishia simu, akavaa kofia, akarudi kwenye majani yake.

Sasa nimekaa hapa barazani. Mama amelala mapema kwa uchovu wa furaha. Saidi ametuma ujumbe: mama yake amepanda ngazi zote leo bila kushika ukuta. Amesema pia niulizwe kama zile tende zimefika salama. Sehemu kubwa imefika.

Jumatatu narudi Kahororo kwa mafriji yangu, na nitajisifu, msidhani nimepona. Lakini kabla ya kujisifu nitamsalimia mtu mpaka mwisho wa salamu. Nimejiapia hivyo, na mtu akiniona nasahau anikumbushe.

Mama kabla hajalala alisema Ma Salha amemwomba wawe wanapigiana simu kila Ijumaa, wasalimiane. Wasalimiane tu. Nikamwuliza mazungumzo hayo yataisha lini.

Akainua kikombe chake cha uji. Nilikuwa nimemwonyesha jinsi watu wa Matrah wanavyokitikisa.

Hakukitikisa.